Wahesabiwe pia wanaongoja getini

Mhariri,

Kila takwimu za ajira zinapotolewa, tunabishana kama asilimia imepanda au imeshuka. Mimi nilikuwa karani katika godauni la makontena Changamwe, hapa Mombasa, na asilimia hiyo naiogopa. Kwa kipimo kinachotumika duniani, mtu aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja tu katika wiki inayoulizwa huhesabiwa ana ajira. Kijana wa Mikindani anayekesha getini wiki nzima, akaitwa Jumanne kupakua lori moja, basi wiki hiyo ana kazi!

Mwaka 1986 wanauchumi Olivier Blanchard na Lawrence Summers walichunguza kwa nini ukosefu wa ajira Ulaya, uliopanda tangu miaka ya 1970, ulikataa kushuka. Walionyesha kwamba ukosefu wa ajira wa leo unaweza kuzaa wa kesho. Walio kazini hupatana mishahara yao wenyewe, walio nje hawana wa kuwasemea, na anayekaa nje muda mrefu ujuzi humtoka. Hapo uchumi hudumaa hata dhoruba ya kwanza ikishapita.

Hayo tumeyaona kwa macho. Treni ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilipoanza kubeba makontena mwaka 2018, malori mengi yalilala hapa kwetu na magodauni yakapunguza watu. Jirani yangu alikuwa dereva wa trela, tena hodari. Alikaa miaka minne akiuza mahamri na mkewe. Alipopata wa kumwita, leseni ilikuwa imekwisha muda, fedha za kuihuisha hana, na aliyemwita hakungoja. Leo hata akisikia kuna kazi hainuki kitini. Hasara hiyo inaandikwa wapi?

Mji huu si mgeni wa suala hili. Januari 1947 wafanyakazi zaidi ya 15,000 waligoma Mombasa, na miaka iliyofuata wakoloni wenyewe wakaona ukibarua wa kutwa bandarini hauwezi kuendelea vile.

Ombi langu kwa wanaokusanya takwimu na kwa watafiti wa vyuo vyetu vya Pwani: tupeni hesabu ya Mombasa peke yake. Mtu alifanya kazi siku ngapi mwezi huu? Tangu apoteze kazi ya kudumu, amengoja miaka mingapi? Na msiwatafute majumbani saa nne asubuhi. Njooni Changamwe saa kumi na moja alfajiri, wako getini.

Karani mstaafu,
Changamwe, Mombasa