Tangazo la PS4 bila namba ya CUH halitoshi

Mhariri,

Matangazo madogo ya gazeti lako ya kuuza PS4, mashine ya gemu ya Sony, husema "PS4, GB 500, iko safi" na kuishia hapo. Ni sawa na kuuza gari kwa kutaja rangi tu. Wauzaji watakiwe kuandika namba ya modeli, ile inayoanza na CUH, iliyo kwenye lebo ya mashine, maana jina hilo moja limebeba mashine zinazotofautiana sana.

CUH-1000 ya mwaka 2013 na CUH-1100 iliyoifuata zina vitufe vya kugusa, na ubovu wake unajulikana: mashine hulia na kutema diski bila kuguswa. Mara nyingi mkosaji ni mguu wa mpira ulio chini ya kitufe cha kutolea diski, ukivimba unakichokoza. CUH-1200 ilileta vitufe vya kubonyeza, ikapunguza chipu za memori kutoka 16 hadi 8, na inakula umeme kidogo kuliko hizo mbili. Kati ya hizi tatu, ambazo ndizo nene, chukua hiyo.

Ile nyembamba, CUH-2000 ya 2016, hushika Wi-Fi ya GHz 5, ambayo zile nene hazishiki kabisa. Lakini tundu la sauti la optiki liliondolewa. Mwenye spika zinazotegemea waya huo asiseme hakuambiwa.

PS4 Pro, toleo lenye nguvu zaidi, nazo ni tatu: CUH-7000, 7100 na 7200. Ya mwisho ndiyo yenye feni tulivu. Hata lebo ikiwa imebanduka utaitambua kwa tundu la umeme: 7200 hutumia waya mwembamba wa umbo la nane kama wa redio, wenzake hutumia ule mnene wa kompyuta ya mezani. Na asikudanganye mtu, hakuna Pro inayosoma diski za filamu za 4K.

Ukubwa wa diski ya ndani usikupandishie bei. PS4 zote hupokea diski ya SATA (aina ya kawaida ya kompyuta ndogo) ya inchi 2.5, isiyozidi unene wa milimita 9.5 na yenye GB 160 au zaidi. Ukishaifunga diski mpya, fomati flashi ya USB kwa mfumo wa FAT32 kwenye kompyuta, tengeneza folda PS4, ndani yake UPDATE, kisha weka faili PS4UPDATE.PUP lenye programu ya mashine, na uichomeke kwenye PS4. Mashine ikiwa imezimwa, bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia mpaka mlio wa pili, kama sekunde 7, uingie hali salama, halafu uchague kusakinisha upya. Wengi hukwama hapa kwa sababu wamepakua faili dogo la kusasisha badala ya lile kubwa la kusakinisha. Diski mpya haina chochote cha kusasishwa.

Kabla ya kulipa, cheza gemu zito nusu saa ukisikiliza feni, tikisa kidogo waya wa HDMI uone kama picha inakatika, kisha ingia mtandaoni kwa akaunti. Mashine iliyofungiwa na Sony huonekana nzima mpaka ufike hatua hiyo.

Fundi wa mashine za gemu