Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Walimu Wakuu, Mwaka 2025: Shule Isihame na Hedi

Walimu wenzangu habari za mwaka, wakubwa zangu shikamooni, na nyie mlioanza ukuu juzi marahaba. Najua taarifa imechelewa, katibu amenikumbusha kwenye grupu mpaka akachoka, ila bora nichelewe kuliko niwaletee kama ile ya mwaka juzi ambayo nlibadilisha tarehe tu na bado mkanipigia makofi.

Safari hii siandiki kila kitu. Misiba tulizikana, harusi tulikula, mnajua wenyewe. Naandika lile tulilokubaliana kwenye mkutano uliopita, kwamba kila shule ya mwanachama iwe na timu ya uongozi inayokaa kila wiki, tuachane na huu utaratibu wa hedi, yaani mwalimu mkuu, kubeba shule nzima kichwani kwake kama mama ntilie na sinia.

Nikumbushe tulitokea wapi maana wengine mmejiunga katikati. Shule moja humu bondeni, siitaji, hedi wake alipata uhamisho, barua imefika Jumatano, Jumatatu anatakiwa awe kituo kipya. Mwalimu aliyeachiwa kukaimu akaja kwangu yuko juu ya bodaboda hata hajashuka, ananiuliza, mwenyekiti, hivi Mpango wa Jumla wa Maendeleo ya Shule huwa unakaa wapi? Nkamwambia ofisini kwenu. Akasema ofisini kuna jalada lenye kava tu, mpango wenyewe uko kwenye flashi. Flashi je? Imeondoka na mwenyewe. Malipo ya fundi wa madawati yameishia hatua gani kwenye FFARS, ule mfumo wa hesabu za fedha za shule, hakuna aliyejua, darasa la pili walikuwa wanafanyiwa majaribio ya kusoma kila mwezi lakini matokeo alikuwa nayo hedi kwenye daftari lake binafsi. Na nisieleweke vibaya, yule mzee alikuwa mchapakazi hasa, anafika shule kabla ya mlinzi hajaondoka. Ndo shida yenyewe hiyo. Alifanya kila kitu yeye, kwa iyo alipoondoka kila kitu kikaondoka, na mwalimu mpya akaanza moja kama vile shule imefunguliwa jana.

Kwa iyo timu. Tulikubaliana mkuu, msaidizi, mtaaluma (yule anayesimamia masomo na ratiba), mwalimu wa malezi na nidhamu, na mmoja wa kule chini, awali au darasa la kwanza na la pili. Huyu wa mwisho kuna watu walimpinga sana, wakasema walimu wa awali wana kelele zao za nyimbo, wa nini kwenye uongozi. Ntarudi hapo.

Sasa niseme lile ambalo kwenye vikao mnalisema nje mkienda kununua maji. Posho. Tangu 2016 hedi wa shule ya msingi analipwa posho ya madaraka 200,000 kwa mwezi, msaidizi hana, mtaaluma hana, na walimu wanajua mpaka senti. Ukimwambia mtaaluma baki jioni tupange mikakati anakuangalia tu, moyoni anasema laki mbili unakula mwenyewe afu mikakati tupange wote. Hedi mmoja alijaribu kugawa, mwezi wa kwanza kila mmoja akapata hela ya vocha, mwezi wa pili ada ya mtoto wake ikabana akaacha, na walimu wakakasirika kuliko mwanzo kabla hajawapa kitu. Mimi sijagawa na nasema wazi. Nilichogundua ni kwamba wengi kinachowauma zaidi ni kuitwa kwenye kikao kuja kuambiwa kitu ambacho hedi ameshaamua jana usiku na mke wake. Nlipomwachia mtaaluma ratiba ya vipindi aipange mwenyewe mpaka mwisho, na nisiiguse hata pale iliponipa mimi kipindi cha saba hisabati na jua lile la Ifakara, ndo alianza kubaki jioni bila kuombwa. Na chai. Jamani chai na mihogo ya kuchemsha inasaidia, msiidharau.

Kikao chenyewe tulisema Jumatatu, nusu saa, swali moja, daftari moja linalobaki ofisini. Asilimia kubwa ya vikao vilivyokufa vilikufa kwa sababu ya ajenda, mtu anaandika ajenda 11 kama bunge, wanafika ya tatu kengele inalia. Swali moja tu. Watoto gani wa darasa la pili bado hawasomi, kwa nini. Basi. Mnajaribu kitu wiki tatu, mnarudi kuangalia daftari, kimefanya kazi au hakijafanya, mnaendelea au mnabadilisha.

Niwape mfano mmoja kwa urefu maana ndo bora tuliopata mwaka huu, na hedi mwenye shule ameniruhusu nisimulie ila nisitaje shule. Mnajua sisi huku masika wazazi wanahamia mashamba ya mpunga, wanalala kwenye madungu huko, vile vibanda vya kulindia mpunga, watoto wanaenda kuamia ndege, kweleakwelea wakishuka shamba hakuna anayekumbuka shule. Kila mwaka tunaandika kwenye ripoti "utoro kutokana na shughuli za kilimo" na tunafunga jalada. Timu ya shule hii ilianza vilevile kama sisi wote, wakapeleka majina serikali ya kijiji, wazazi wakaitwa, wakatishiwa faini, wiki tatu zikapita, wakafungua daftari, mahudhurio yako palepale na wazazi wawili wamehamisha watoto kabisa. Kwa iyo wameshindwa, na hapo zamani ndo mwisho wa hadithi ungekuwa hapo.

Yule mwalimu wa awali na darasa la kwanza, huyu huyu mliyesema ana kelele za nyimbo, akasema jamani tusihesabu siku ngapi mtoto amekosa, tuangalie siku zipi. Wakakaa na madaftari ya mahudhurio wakapiga mistari kwa kalamu nyekundu. Ikaonekana wengi sio kwamba hawaji kabisa, wanakosa Ijumaa na Jumatatu. Ijumaa asubuhi familia inaenda shamba, inarudi Jumatatu mchana na baiskeli. Jumanne hadi Alhamisi mtoto yupo. Sasa shule inafanya nini Jumatatu? Inaanza herufi mpya, sauti mpya. Ijumaa je? Jaribio. Yaani mtoto anakosa mwanzo wa somo na anakosa kipimo, anakaa katikati tu kama abiria aliyepandia njiani hajui gari linaenda wapi, afu tunamwandika mzito.

Wakabadilisha. Jumatatu marudio, kitu kipya kinaanza Jumanne, jaribio Alhamisi. Hawakuongeza hela, hawakuomba kibali, ni kalamu na ratiba. Siwezi kuwaambia watoto wote sasa wanasoma, hapana, wapo ambao madungu yamewachukua mazima na hao inabidi tutafute njia nyingine. Ila wale wa siku tatu wameanza kuunganisha silabi, nlienda mwenyewe nkakaa nao chini nkawapa aya ya kitabu wakanisomea, mmoja alikuwa anasoma kwa sauti mpaka mbuzi wa jirani wakageuka. Nisingeliona lile la siku zipi hata ningekaa kwenye ukuu miaka 30, kwa sababu mimi mahudhurio nayaona kama namba ya mwisho wa mwezi ya kutuma juu, yule mama anayaona kama viti vitupu.

Upande wangu sasa, nisiwe nawasema wengine tu. Shuleni kwangu timu ilikufa mwezi wa nne na aliyeiua ni mimi. Nlikuwa nafungua kikao kwa maneno machache, machache yangu mnayajua. Mtaaluma wangu siku moja, kwa heshima kabisa, akasema mwalimu mkuu ukishaongea wewe kwanza sisi tunakuwa tumemaliza. Nlinuna siku mbili. Siku ya tatu nkamwambia haya, Jumatatu naongea wa mwisho. Ngumu kuliko kuacha sukari, nawaambia. Wiki ya kwanza kukawa kimya mpaka nkasikia saa ya ukutani, wiki ya pili msaidizi akasema kitu kuhusu zamu ambacho amekaa nacho miaka mitatu. Kumbe shajala la zamu walimu walikuwa wanalijaza Ijumaa yote kwa mkupuo, "hali ya shule shwari" mara tano. Nami nlikuwa nagonga mhuri.

Timu zilizokufa zisizofufuka ni tatu, wenyewe mnajijua sitawaaibisha hapa. Mbili ni uzembe. Moja nina huruma nayo, shule ina walimu wanne kwa madarasa yote, unamwambia aunde timu ya watano, ataazima wapi? Hapo mwongozo wetu ulikuwa wa shule za kando ya barabara, tuliandika bila kufikiria shule za ng'ambo ya mto. Napendekeza shule za namna hiyo walimu wote wawe timu, na mjumbe mmoja wa kamati ya shule aingie, wakae kila baada ya wiki mbili, yatosha.

Kuhusu Uthibiti Ubora, wale tuliokuwa tunawaita wakaguzi. Tulizoea enzi za ukaguzi, gari likionekana mtu anatafuta andalio la somo la wiki iliyopita. Siku hizi wakija wanaacha ripoti ya kueleweka yenye mapendekezo, sisi tunaipeleka kabatini. Mwaka huu shule kadhaa zimeisoma ripoti kwenye timu, ukurasa kwa ukurasa, wakachagua mawili ya kufanyia kazi. Mawili, sio 24. MEWAKA, haya mafunzo endelevu ya walimu kazini, nayo ni hivohivo, kwenye jumuiya za ujifunzaji tulikuwa tunakaa, tunasaini, tunapiga picha ya kutuma, tunaondoka. Pale timu inapopeleka swali lake la Jumatatu kwenye jumuiya, mfano kule kwenye herufi, walimu wanabishana kweli na hakuna anayeangalia saa. Waliopitia mafunzo ya uongozi ADEM, chuo cha uongozi wa elimu kule Bagamoyo, naomba mtusaidie zaidi, mmerudi na vyeti vizuri ila vitini mmevificha.

Hela ya ruzuku, kwa kifupi. Ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka na inayofika shuleni ni 6,000, nyingine inabaki juu kwa ajili ya vitabu, tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 hesabu ndo hii. Kidogo, ndio. Lakini kwa sababu ni kidogo timu iione yote, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo pale mzazi anaposimamisha baiskeli. Hedi mnaoogopa kubandika, mnatufanya wote tuonekane wezi.

Ada ya umoja wetu mtunza hazina atawasomea mwenyewe, mimi nasema tu wadaiwa ni walewale, na mmoja wao ni mjumbe wa kamati ya kufuatilia wadaiwa.

Mwaka unaokuja yako mambo mawili tu nayoyaogopa. La kwanza mtaala mpya. Watoto walioanza nao wakiwa la tatu Januari 2024 wanaishia la sita, kwa iyo 2027 tutakuwa na la sita wanamaliza na la saba wa mwisho wa mtaala wa zamani wanamaliza, mwaka mmoja, shule moja, walimu walewale. Hedi akilipanga hili peke yake usiku kwenye kochi atalia. Timu zianze sasa, nani anafundisha wapi, vyumba vipi, nani anashika mazoezi ya la sita maana hatujawahi kuwa nao kama darasa la mwisho na hakuna mwenye uzoefu, wote wapya.

La pili uhamisho. Utakuja tu, huwa unakuja. Nawaomba kila shule iwe na jalada la makabidhiano linalojazwa na timu kila mwisho wa muhula, tusingojee siku ya barua, na ndani yake mpango wa shule uliochapwa, daftari la Jumatatu, hali ya malipo, na orodha ya watoto ambao bado hawasomi kwa majina. Lisainiwe na msaidizi na mtaaluma, lisiwe la hedi tu. Flashi hapana, flashi tumeshaona.

Mkutano wetu ni Jumamosi ya pili shule zikifunguliwa, palepale tulipokaa mwaka jana, saa 3 asubuhi, najua mtakuja saa 5. Safari hii hedi usije peke yako, njoo na mmoja wa timu yako, na daftari. Atakayesimama kueleza ni yeye, wewe utakaa pembeni yangu tunywe chai.