Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Naomba ngoma moja na viti ishirini

Mheshimiwa Waziri,

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Temeke kwa zaidi ya miaka 30. Ugonjwa wake haukuanza na kutetemeka. Ulianzia kwenye chaki. Alama alizokuwa akichora kwenye kitambaa zilianza kusinyaa, na maandishi ya daftari la vipimo yakawa madogo mpaka yeye mwenyewe akashindwa kuyasoma. Tukadhani macho, tukamnunulia miwani. Baadaye mkono wa kulia ukaacha kwenda na hatua, uso ukakauka kama wa mtu aliyenuna, na majirani wakaanza kutuuliza tumemkosea nini mzee. Vidole vilipoanza kucheza, tulikuwa tumeshaambiwa ni presha, tumeshaambiwa ni uzee, na kisomo tumeshafanya mara mbili. Jina la ugonjwa tulilipata mwaka wa tatu, kwa daktari mwenye foleni ndefu mlangoni: Parkinson. Akaandika vidonge, akasema "na afanye mazoezi", akaita mgonjwa anayefuata.

Nakuandikia kuhusu hayo maneno ya mwisho, na kuomba darasa la ngoma kwa wagonjwa wa Parkinson. Mazoezi gani? Wapi? Na nani?

Kuna alasiri moja mdundiko ulipita mtaani kwetu, watu wanamtoa mwali. Baba alikuwa amekwama mlangoni. Wanaouguza wagonjwa wa aina hii wanaijua hali hiyo: mtu anafika kizingitini, nyayo zinanata sakafuni kama zimetiwa gundi. Ukimvuta, anaanguka. Ukimwambia "haya baba, tembea", ndiyo kwanza anazidi kuganda. Basi ngoma zikakaribia. Nikaona bega lake linaitika, kisha kisigino kinanyanyuka, kisha mzee huyo, kavuka kizingiti, anakwenda na watu. Tulimkuta nyumba ya nne anaserebuka na mkono wa kulia unafuata. Utotoni nilichapwa kwa kufuata mdundiko hadi mitaa nisiyoijua. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa nakimbia nyuma ya mzee wa miaka 71 nikimwita arudi.

Ngoma zilipopotelea barabara kubwa, akaganda tena. Tukamrudisha nyumbani kwa kumhesabia moja, mbili, moja, mbili.

Bibi mmoja jirani alisema kwa uhakika kabisa kwamba ni shetani wa ukoo alipandishwa na ngoma. Nilikwenda kutafuta maelezo mengine, na kumbe yapo. Ndani kabisa ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kupeleka amri za mwendo, na kwa mgonjwa wa Parkinson chembe hizo hufa kidogo kidogo. Kinachopotea kwanza ni zile hatua tunazozipiga bila kufikiri. Miguu bado ina nguvu. Kinachokosekana ni ile amri ya kuanza. Mdundo unaotoka nje huupa ubongo njia nyingine ya kuipata amri hiyo, kwa kutumia sehemu ambazo ugonjwa haujaziharibu sana. Mwaka 1996 mtafiti Michael Thaut na wenzake walichapisha utafiti nchini Marekani: wagonjwa waliofanya mazoezi ya kutembea kwa kufuata mdundo wa muziki kwa wiki tatu walitembea haraka zaidi, kwa hatua ndefu zaidi, kuliko waliofanya bila mdundo.

Huko Brooklyn, New York, kikundi cha dansi cha Mark Morris kilifungua darasa la dansi kwa wagonjwa wa Parkinson mwaka 2001. Walimu ni wacheza dansi wenyewe, darasa linaanza watu wakiwa wamekaa kwenye viti, na mtindo huo sasa umeenea nchi nyingi. Kule St. Louis, Marekani, watafiti Madeleine Hackney na Gammon Earhart wakajaribu dansi ya tango ya Argentina, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Tango ina kusimama ghafla, kuanza upya, kurudi kinyumenyume na kugeuka, yaani mambo yale yale yanayomwangusha baba yangu akienda msalani usiku. Baada ya masomo 20 ya saa moja moja, waliocheza walikuwa na uwezo bora wa kusimama bila kuyumba kuliko wale ambao hawakucheza. Toronto nako, watafiti wa Chuo Kikuu cha York waliwafuatilia wagonjwa 16 waliocheza kila wiki kwa miaka mitatu. Ripoti ya mwaka 2021 ikasema hali yao haikudidimia kama ya wenzao wasiocheza.

Watu 16 ni wachache, najua. Wala hakuna anayesema dansi inaponya. Chembe zilizokufa hazirudi. Lakini kati ya kupona na kukaa kwenye kochi ukisubiri kuanguka pana nafasi kubwa, na hapo ndipo tunapoishi sisi.

Mheshimiwa, ugonjwa huu hatukuazima ng'ambo. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wagonjwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba wengi wa waliopatikana hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Wamekaa uani, wanahesabiwa ni wazee tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 dunia ilikuwa na wagonjwa zaidi ya milioni 8.5.

Ninachoomba ni kidogo mpaka naona haya kukiandikia barua. Moshi pale hospitali ya KCMC panafundishwa wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Bagamoyo ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, inayofundisha ngoma na dansi tangu ilipokuwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Kaa na mwenzako wa wizara yenye sanaa, muwakutanishe watu hawa. Mtu wa fizio anajua lini mgonjwa yuko katika hatari ya kuanguka; mpiga ngoma anajua kumnyanyua mtu kwenye kiti bila kumgusa. Waandae pamoja darasa la saa moja kwa wiki, walianzishe kwenye hospitali mbili za rufaa za mikoa, walipime mwaka mzima kwa vipimo vya kusimama bila kuyumba na vya mwendo wanavyovijua. Likishindwa, mlifunge. Gharama ni viti imara ishirini, ngoma, ukumbi usiokuwa na zulia la kumkwaza mtu, na vijana wawili watatu wa kusimama pembeni kwa anayeyumba.

Tafadhali tusilete tango. Ngoma za kupiga hatua tunazo. Mdundiko wenyewe ni ngoma ya kutembea. Beni ilichukua gwaride la askari, na mganda wa kule Nyasa huchezwa kwa mistari na hatua za kuhesabu. Lelemama ni ya taratibu, inafaa hata kwa aliyekaa. Sindimba tuwaachie wenye viuno vyao. Na kwa mzee ambaye dini yake haimruhusu ngoma, dufu la maulidi lina mdundo, kwaya ina mdundo; mguu ulioganda haubagui.

Najua washauri wako watasema dawa kwanza. Ni kweli, na mimi ni wa kwanza kulilia dawa: nimeshazunguka Kariakoo duka hadi duka nikitafuta levodopa, dawa ya ugonjwa huu, nikarudi na vidonge vya wiki mbili kwa bei ya gunia la mchele. Lakini vidonge navyo vina saa zake. Vikiingia, baba anafunguka, vikiisha, anafunga. Zile saa alizofunguka ndizo za kumfanyisha mazoezi, na kwa sasa anazitumia kukaa barazani akiangalia bodaboda. Nimejaribu kumfanyisha mwenyewe kwa redio. Mimi si mwalimu. Siku moja nilimgeuza haraka mno tukaanguka wote wawili, yeye akacheka, mimi nikalia.

Kama utaitisha kikao kuhusu jambo hili na ukataka kumwona mgonjwa badala ya kusoma ripoti, tutakuja. Ombi langu ni kuhusu muda. Dozi yake ya mchana ni saa 7. Kuanzia saa 8 hadi saa 10 hivi miguu ipo. Na kama inawezekana, mlangoni awepo mtu wa kupiga hata ndoo.

Wako,
Binti wa fundi cherehani,
Temeke, Dar es Salaam