Matone ya macho si ya kununua kiholela

Mhariri,

Watu wengi wakiwashwa macho hukimbilia duka la dawa na kutoka na kichupa cha matone yenye deksamethasoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Wekundu huisha haraka, ndiyo maana dawa hiyo inapendwa. Lakini ikitumika wiki kadhaa bila usimamizi inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Kama una kidonda cha fangasi kwenye konea (kioo cha mbele cha jicho), tuseme ulichomwa na jani la muhindi shambani, matone hayo hukifanya kizidi kuchimba.

Daktari bingwa wa macho husoma udaktari miaka 5, hufanya kazi chini ya uangalizi mwaka 1, kisha ubingwa miaka 3, katika vyuo vikuu vya Makerere au Mbarara hapa Uganda. Hata hivyo, wa kwanza kukuona mara nyingi ni ofisa tabibu wa macho, naye anatosha kabisa kuanzia. Mpima miwani ni fani nyingine.

Kipimo kamili huanza na ubao wa herufi, mita 6, jicho moja moja. Hufuata taa yenye darubini, halafu presha ya jicho, ambayo kwa kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Ili kuona nyuma ya jicho, mboni hupanuliwa kwa matone; subiri dakika 20 hadi 30, na usiendeshe bodaboda kwa saa kadhaa. Wenye haraka huondoka kabla ya hatua hii, na hapo ndipo glaukoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, hupita bila kugunduliwa, maana aina iliyo ya kawaida haiumi. Nenda na vichupa vyote ulivyotumia, hata vya mitishamba.

Wahudumu wa macho,
Mbarara