Huduma zihesabiwe kwa kitongoji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotukera wakazi wa vitongoji vya pembezoni, yaani zile sehemu ndogo zinazounda kijiji, hapa Tanzania.

Kila inapotangazwa kwamba kijiji fulani kimefikiwa na umeme, msomaji wa mjini hudhani kwamba nyumba zote za kijiji hicho zinawaka taa. Sivyo. Kwetu nguzo zilifuata barabara, zikafika ofisi ya kijiji, shule na zahanati, zikaishia hapo. Sisi tulio ng'ambo ya korongo, kaya chache zilizotawanyika kati ya mashamba na malisho, bado tunasagiwa mahindi kwa mashine ya dizeli, na simu tunawapa watoto wanaokwenda shule wakazichajishe dukani kwa malipo. Gharama ya kuunganishiwa umeme vijijini, shilingi 27,000, ni nafuu kweli, lakini haimsaidii mtu ambaye hata hiyo nguzo haioni.

Sidai kwamba tumepuuzwa makusudi, kwani waya hauwezi kufika kila mahali kwa mkupuo mmoja. Ninacholalamikia ni hesabu. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mwenyekiti wa kitongoji ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, na tarehe 27 Novemba 2024 tulipanga foleni kumchagua wa kwetu. Nchi ina vitongoji zaidi ya 64,000. Inakuwaje kitongoji kitambulike siku ya kura, kisha kimezwe na jina la kijiji siku ya kusoma taarifa ya maendeleo?

Kwenye maji kipimo cha haki kilishawekwa, ingawa utekelezaji wake ni habari nyingine: Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake, na kila kituo kihudumie watu 250. Hapo umbali ulianzia kwenye kaya, si kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji.

Ninaomba basi kila halmashauri ya wilaya ibandike kwenye mbao za matangazo za vijiji orodha ya vitongoji vyote kwa majina, ikionyesha huduma ambazo kila kimoja kinazo na mwaka ambao zilizosalia zinatarajiwa kufika, na orodha hiyo isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya wale wanaoijua njia ya korongoni.

Mkazi wa kitongojini