Mvi Zimerudi Baada ya Wiki Tatu, Lakini Rangi Haikuwa Feki

Mwezi uliopita kijana mmoja wa miaka 26 alirejea saluni kwetu, hapa Ngamiani, Tanga, akatuambia mbele ya wateja wengine kwamba tumempaka rangi feki, kwa kuwa mvi zake zilianza kuonekana tena baada ya wiki tatu. Lawama hii tunaipata mara kwa mara, na kwa kuwa inagusa uaminifu wetu, tumeona tuijibu kwa maandishi.

Nywele hukua kwa wastani wa sentimita moja kwa mwezi. Rangi hushika unywele uliokwisha kuchomoza, wala haifiki kwenye shina lililo chini ya ngozi, ambako weusi hutengenezwa. Tulimpa kijana huyo kioo, akaona mwenyewe kwamba nywele zake zilikuwa nyeusi tititi kuanzia ncha, na kwamba weupe ulikuwa kwenye ukingo mwembamba wa chini, yaani sehemu ambayo siku tulipompaka ilikuwa haijaota.

Weusi huo ni melanini, inayotengenezwa na seli maalumu za shina. Seli hizo zikipungua, unywele huota mweupe. Kwetu Waafrika, mvi huhesabiwa kuwa za mapema zinapotokea kabla ya miaka 30, na mara nyingi ni za kurithi, ndiyo maana swali letu la kwanza kwa mteja kijana ni kuhusu wazazi na wajomba zake. Zipo pia zinazotokana na upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni, au mbalanga, na uvutaji wa sigara nao umehusishwa nazo. Kung'oa mvi moja hakuleti nyingine kumi, ila kung'oa kila mara huumiza shina.

Kinachotusikitisha zaidi ni mteja anayeona shilingi 15,000 zetu ni nyingi, akanunua pakiti ya piko, akaikoroga nyumbani usiku, akajipaka kichwa kizima hadi kwenye ngozi na kulala nayo. Piko nyingi huwa na kemikali iitwayo PPD, ambayo baadhi ya miili haiivumilii kabisa. Tuliwahi kuletewa bi harusi kutoka Makorora, siku tatu kabla ya nikahi, kope zimevimba hadi hafumbui macho na ngozi ya kichwa inatoa maji. Dada yake alitumia pakiti ileile asidhurike. Tulipouliza, shangazi yake akakumbuka kwamba mwaka uliotangulia binti alichorwa maua ya piko mikononi, yakamwasha kwa siku kadhaa, na hakuna aliyejali. Kumbe ndipo mwili ulipoanza kuikataa. Hatukumgusa, tulimwelekeza hospitali, na gharama za matibabu zilizidi bei yetu mara nyingi. Hina halisi ni kitu kingine: kwenye mvi hutoa wekundu wa machungwa, kwa hiyo unga unaouzwa kama hina na kugeuza nywele kuwa nyeusi kwa nusu saa umechanganywa na kitu.

Rangi za dukani tunazotumia sisi nazo huweza kuwa na PPD, na hilo hatulifichi. Ndiyo sababu tunapaka tone nyuma ya sikio na kusubiri saa 48, hata kwa mteja anayelalamika kwamba tunampotezea nauli ya kuja mara mbili. Hatupaki rangi siku moja na dawa ya kulainisha nywele, kwa sababu nywele hukatika. Mteja akirudi baada ya mwezi tunapaka sehemu mpya iliyoota peke yake, kwa shilingi 8,000, maana kurudia kichwa kizima kila mara hukausha nywele ambazo tayari ni nyeusi.

Yule kijana alisema kwao hakuna aliyeota mvi mapema, na kwamba siku hizi huchoka ovyo na nyayo humfa ganzi. Tulikataa kumpaka siku hiyo, tukamsihi akapime damu kwanza. Jumamosi iliyopita alikuja na majibu ya maabara: vitamini B12 iko chini, na ameanza kuchomwa sindano. Mvi bado anazo, na ametuomba tumpake sehemu mpya iliyoota tu.