Kabla ya kutuambia tuache makala ya kupikia, leteni umeme

Bwana Mhariri,

Nasoma gazeti lako kwa miaka kumi na minane na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Nilifundisha shule ya msingi hapa Katuba, moja ya komini (wilaya) za mji wa Lubumbashi, hadi nilipostaafu, na kila Jumamosi jirani yangu huniachia gazeti akimaliza kulisoma. Nilikuwa nasoma na kunyamaza. Lakini ile habari ya mjadala wa mabadiliko ya tabianchi, ule uliofanyika hotelini pale mjini, nimeisoma mara tatu, na usingizi umenikataa.

Unakumbuka wenyewe mlivyoandika. Msemaji mmoja alisimama akasema joto la dunia ni deni la nchi za viwanda na sisi hatudaiwi kitu. Mwingine akamjibu kwamba tuache kusingizia wageni, kwani msitu wa huku kwetu Katanga unamalizwa na wamama wanaopikia makala, yaani makaa ya miti. Ukumbi ukapiga makofi. Nanyi mkaweka picha ya mama ameketi sokoni na ndoo zake za makala, uso wote unaonekana, na chini yake mkamwita adui wa msitu. Sijaona popote katika habari ile kwamba kuna mtu alimuuliza yule mama jambo lolote.

Mimi ni mmoja wa hao wanaopikia makala, na nitakueleza jinsi ninavyopika.

Kabini ya avenyu yetu, yaani transfoma inayoleta umeme kwenye barabara yetu, iliungua mwezi wa Novemba, miaka michache iliyopita. Ililia usiku kama bunduki, tukatoka nje tukakuta cheche zinaanguka, na tangu usiku ule giza likawa letu. Shefu wa avenyu aliitisha mkutano, tukachanga kila nyumba, hata wajane, hata yule mzee anayeishi peke yake kwenye kona. Pesa zikapelekwa ofisini kwa watu wa umeme. Tukaambiwa fundi atakuja. Tukarudi, tukaambiwa mafuta ya kabini hayajafika. Tukarudi tena, tukaambiwa gari la mafundi halina petroli, kwa hiyo tuchange tena. Muda wote huo karatasi ya malipo iliendelea kuja kila mwezi, hesabu ileile, kana kwamba taa zilikuwa zinawaka. Ikafika Januari, na wewe unajua mvua ya Januari ya Lubumbashi inavyoanguka. Jikoni kwetu ni nje, chini ya mabati mawili, na siku ile upepo ulikuwa unaleta maji hadi ndani ya sufuria. Binti yangu akainua mbabula, jiko letu la makala, akaiingiza sebuleni ili bukari, ugali wetu, iive, akafunga mlango kwa sababu ya upepo, akaenda chumbani kunyonyesha. Mjukuu wangu wa miaka minne alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mbabula. Hewa ya makala yaliyokwisha kushika moto haina moshi wa kukuonya. Nilipotoka kanisani nikafungua mlango, nilimwita jina lake na hakuitika. Nikamtikisa, kichwa kikaanguka kama cha mwanasesere. Nilimbeba nikatoka naye mvuani, napiga kelele, na jirani akaja akamchukua mikononi mwangu kwa sababu magoti yangu yalikuwa yameisha nguvu. Mvua ilimpiga usoni, akatapika, akaanza kulia, na sijawahi kusikia sauti iliyonifurahisha kama kile kilio. Kituo cha afya nacho kilikuwa gizani. Muuguzi alimpima kwa mwanga wa simu niliyoishika mimi, na mkono wangu ulikuwa unatetemeka hata akaniomba nimpe mtu mwingine aishike. Mtoto alipona. Kabini ilitengenezwa mwezi wa Mei. Hakuna aliyetuomba radhi, na pesa za miezi ile tulizotozwa bure hazijarudi hadi leo.

Sasa mtu aliyevaa suti, aliyetoka nyumbani kwake akiacha friji inanguruma, anapanda jukwaani kuniambia niache makala. Niache nishike nini?

Sisemi msitu hauishi, na nisieleweke vibaya. Nimeuona ukiisha kwa macho yangu. Nilipokuwa msichana, makala yalikuja mjini kwa kinga, yaani baiskeli, mwanaume anaisukuma na mifuko mitatu imefungwa nyuma, na jioni hiyohiyo anarudi kijijini kwake. Leo yanakuja kwa malori kutoka mbali, na dereva inambidi alale njiani usiku. Wanafunzi wangu wa zamani walikuwa wanaleta darasani vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, na uyoga waliookota nyuma ya nyumba zao; watoto wa leo wanaviona sokoni tu, vimekaushwa, bei juu. Najua pia hesabu yake. Katika tanuru la udongo, kilo kumi za mti zinakupa kilo moja au mbili za makala, mengine yote yanakwenda angani. Hayo nilikuwa nayafundisha ubaoni. Na nilikuwa nawafundisha watoto kwamba miti ya kwetu ina moyo: ukiikata na kuacha kisiki bila kukichoma moto na bila kukilima, inachipua yenyewe. Msitu huu ukipumzishwa unarudi. Lakini hauwezi kupumzika wakati mji wa mamilioni ya watu unasubiri chakula cha jioni.

Na tena, kwa nini makala peke yake? Mnakumbuka malori ya mukula, ule mti mwekundu uliokuwa unakatwa huku Haut-Katanga na kupelekwa hadi China? Magogo yalipita barabarani mchana kweupe. Sikuona picha ya mwenye magogo gazetini, na maneno ya kumwita adui chini yake.

Hoja yangu ni hii, Bwana Mhariri, na ndiyo iliyokosekana katika mjadala ule wote: makala ya Lubumbashi ni suala la umeme. Nchi hii ina Mto Kongo. Ina mabwawa ya umeme ya Inga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikamilishwa waya wa umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ukipita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo vinawasha kibatari. Ulijengwa kwa ajili ya migodi. Hapa karibu yetu bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira linafanya kazi tangu mwaka 1930, nalo lilijengwa kwa ajili ya migodi. Na migodi inatoa nini? Inatoa kobalti, zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, na wazungu na Wachina wanaitia katika betri za magari yasiyotoa moshi. Wanasema hiyo ndiyo dawa ya tabianchi. Mimi sipingi gari lisilotoa moshi. Ila dawa hiyo inachimbwa nyumbani kwangu, inapita barabara ya Kasumbalesa, ile ya kwenda mpaka wa Zambia, mbele ya macho yangu, halafu mimi nabaki na mbabula na mjukuu aliyezimia, na bado naitwa adui. Katika nchi hii ni kama mtu mmoja kati ya watano anayepata umeme, na hapo hatujahesabu delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, inayomnyang'anya hata huyo mmoja. Wale mabwana wawili waligombana saa nzima kuhusu nani mwenye kosa, Ulaya au mama wa makala, na katikati yao palikuwa na waya huu mrefu ambao hakuna aliyeutaja.

Yule aliyesema sisi hatudaiwi, na yeye nina neno naye. Ni kweli moshi wetu ni mdogo, mdogo sana ukiulinganisha na wa Marekani au China. Lakini mvua haiulizi nani alianza. Zamani tulijua: katikati ya Novemba unatia mbegu za mahindi ardhini. Sasa mvua ya kwanza inakuja kukudanganya, unapanda, inakatika wiki tatu, mche unaungua, unanunua mbegu upya. Shamba langu dogo njia ya Kipushi nimewahi kulipanda mara mbili katika msimu mmoja. Na mlisahau mwaka 2024? El Niño ilikausha mahindi ya majirani zetu wa Zambia, serikali yao ikatangaza janga la taifa tarehe 29 Februari, na sisi huku Lubumbashi, tunaokula bunga la Zambia, ule unga wa mahindi, tulisimama foleni tangu alfajiri. Mfuko wa kilo 25 ulikuwa na bei moja asubuhi na nyingine jioni. Niliona mwalimu mwenzangu mstaafu akinunua bunga kwa kikombe. Kwa hiyo anayesema jambo hili haligusi kwetu, labda hajawahi kutumwa dukani.

Kuna jambo jingine, na nikishaanza siwezi kuliacha. Mjadala wote ulifanyika kwa Kifaransa. Nyinyi wenyewe mliandika kwamba mwishoni wananchi waliitwa kubadilisha mwenendo. Wananchi gani? Mama wa soko la Kenya, komini ya hapahapa mjini, yule wa Kamalondo, yule wa Ruashi, anazungumza Kiswahili, anahesabu kwa Kiswahili, anasali kwa Kiswahili. Mimi Kifaransa nakijua, nilikifundisha, na hata hivyo nilipotafuta katika habari ile jambo moja la kumwambia jirani yangu alifanye kesho asubuhi, sikulipata. Mtu akitaka nibadilike aniambie kwa lugha ninayoelewa nikiwa na njaa.

Naomba basi mambo haya. Kila komini iweke ubao ukutani, palepale watu wanapolipia kodi, uandikwe kwa chaki kila Jumatatu: kabini ngapi zimeungua, tangu tarehe gani, avenyu zipi, na jina la anayehusika kuzitengeneza. Chaki haina bei kubwa, nilifanya nayo kazi maisha yangu yote. Avenyu isiyokuwa na umeme isipelekewe karatasi ya malipo. Na kampuni za migodi zinapoomba umeme mpya ziambiwe kwanza zitengeneze kabini za mtaa ule ambao malori yao yanapita. Anayekata mti kwa ajili ya makala aachiwe eneo lake, akate hapa, aache pale miaka ya kutosha, na watu wa kijiji wenyewe walinde visiki visichomwe.

Na mjadala ujao, Bwana Mhariri, usiufanye hotelini. Ufanye Katuba, kwenye avenyu yetu, mwezi wa Oktoba wakati joto limefika na mvua haijaja, kuanzia saa kumi na mbili jioni, saa ya delestaji. Ufanyike kwa Kiswahili. Wale wasemaji wawili waje wote, nawakaribisha kwa moyo wote, na yule mama wa kwenye picha aitwe kwa jina lake na aketi mbele, azungumze wa kwanza. Kila msemaji apike bukari yake mwenyewe kwa mbabula huku akijibu maswali. Benchi nitaleta mimi, ninazo nne. Bunga tutachanga, tumezoea.

Mwalimu mstaafu,
Komini ya Katuba, Lubumbashi